Simu ya Saa Nne Asubuhi

Watu wakinishauri kuhusu kazi na malezi, wengi huanzia kwenye ratiba. Pika usiku, andaa nguo mapema, lala kabla hujachoka kabisa. Ni ushauri mzuri, na ninaufuata. Lakini ratiba haijawahi kuwa shida yetu. Watoto wakiwa wazima, mimi na baba watoto tunaimudu wiki. Kinachotuvuruga ni simu ya saa nne asubuhi kutoka kituo cha watoto: "Ana homa, tunaomba mje mumchukue."

Wiki hii imepigwa tena. Nilimkuta mdogo kapakatwa na mlezi wake, koti tayari mwilini, macho mazito, kiatu kimoja kakishika mkononi hataki kuvishwa. Nilipombeba alinilalia begani na joto lake likapenya hadi kwenye sare yangu ya kazi.

Mimi ni muuguzi. Wodi huwezi kuihamishia nyumbani, na nikiondoka katikati ya zamu, wagonjwa wangu wanagawiwa wenzangu ambao tayari wameelemewa. Kwa kuwa ni muuguzi najua pia kwamba homa hizi si bahati mbaya. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na anayeanza kukaa na wenzake kituoni huweza kuzidisha hapo, maana kila kirusi ni kigeni kwa mwili wake. Akitapika au kuharisha ndiyo zaidi: vituo vingi havimpokei mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Hizo ni siku mbili za kazi, na hakuna mtu aliyekosea chochote.

Hapa ndipo ughaibuni unapouma. Ajira imepangwa kana kwamba nyuma ya kila mzazi yupo mtu mzima mwingine, asiye na kazi siku hiyo, anayempenda mtoto bila kulipwa. Kwa walio karibu na wazazi wao mtu huyo mara nyingi yupo kweli, ni bibi, ni shangazi, ni mama mdogo. Sisi tumemwacha mbali, ng'ambo ya bahari, na hakuna mshahara unaoziba nafasi yake.

Nimekataa kuamini kwamba dawa yake ni mimi kujitahidi zaidi. Mwaka 1981 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 156 unaohusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, na unawataja wafanyakazi wa kiume na wa kike kwa pamoja. Si nchi zote zimeuridhia, na mikataba haimbembelezi mtoto usiku, lakini hayo ya wote wawili nilimsomea baba watoto. Tukakubaliana: siku ya kwanza ya ugonjwa ni yangu, ya pili ni yake, na anayefuata kuugua tunaanza kwa kupokezana.

Mara ya kwanza alipoomba ruhusa kazini kwake aliulizwa, "Kwani mama yake yuko wapi?" Akajibu, "Yuko zamu. Leo ni mimi." Aliponisimulia jioni ile nilikaa chini. Sijui kama anaelewa jibu lile lilinipunguzia mzigo kiasi gani.

Kupokezana kuna mambo yake. Kwenye mlango wa friji tumebandika karatasi: uzito wa mtoto, joto alilopimwa, saa aliyopewa parasetamoli na kiasi. Mzazi anayetoka anaandika, anayeingia anasoma kabla hajagusa chupa. Ninawasihi wazazi wote mfanye hivi. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito, hairudiwi kabla hazijapita saa 4 tangu dozi iliyotangulia, na haizidi mara 4 ndani ya saa 24. Wazazi wawili waliochoka, kila mmoja akidhani mwenzake hajampa, wanaweza kumzidishia dawa kwa mapenzi mema kabisa.

Mtu wa tatu tulimpata ngazini. Ni jirani, mgeni kama sisi ila wa nchi nyingine, ana binti wa umri wa mwanangu mkubwa. Hatuna lugha moja ya nyumbani, tunaelewana kwa ile ya hapa tuliyojifunza ukubwani. Siku zangu za mapumziko namchukua binti yake, naye humchukua mkubwa wangu zamu zikigongana. Tuliandikishana majina kituoni mapema, kwa sababu hawamkabidhi mtoto kwa mtu asiye kwenye orodha hata akilia kumfuata. Kama una rafiki wa namna hiyo na jina lake bado halimo, nenda kaliandikishe wiki hii.

Na yupo mama yangu, kwenye simu. Mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walishauri watoto wa chini ya miezi 18 wasiwekwe mbele ya skrini, lakini wakayatoa mazungumzo ya video katika katazo hilo. Kwetu nafasi hiyo ni kubwa. Jioni naegemeza simu kwenye ukuta wa jikoni, mama anaongea na wajukuu huku mimi nikipika, na mara nasikia, "Wewe, mama! Huyo anapanda kiti!" Nageuka, kweli keshapanda. Anawalinda kwa macho na sauti akiwa bara jingine. Saa za huku zikirudishwa nyuma msimu wa baridi, jioni yetu inamkuta yeye usiku zaidi, na bado anangoja macho. Nikimwambia alale ananijibu, "Nilale, wajukuu zangu nitawaona lini?"

Homa ya mdogo imeshuka leo mchana. Ameomba maji mwenyewe, akanirudishia kikombe. Kesho ni zamu ya baba watoto, mimi naingia wodini alfajiri.

Jirani yetu anahama mwezi ujao, mume wake kapata kazi mji mwingine. Binti yake na mwanangu hawajaambiwa, tutawaambia pamoja Jumamosi. Yuko mama mmoja ninayekutana naye getini kituoni, mapacha mkononi, na mara nyingi naye yumo ndani ya sare ya kazi. Tumeishia kwenye salamu tu. Jumatatu nitamwomba namba yake ya simu na kumuuliza hufanya nini wakiugua.