Eti "Mauser ya zamani"

Miezi ya kusubiri kibali imeisha, bunduki ya mnadani iko mezani. Muuzaji aliiandika "Mauser ya zamani", basi. Nami nikaamini, maana kila bunduki kuukuu yenye boliti, yaani komeo la kuvuta kwa mkono, huitwa Mauser, jina la watengenezaji wa Kijerumani.

Nikahakikisha haina risasi, ndipo nikaanza kushangaa. Mbao inafika hadi mdomo wa mtutu. Mkono wa boliti umebapa kama mpini wa kijiko. Nikachungulia ndani: badala ya kibao cha kusukuma risasi juu, kuna kigurudumu chenye mifereji. Ukikigusa kwa kidole kinazunguka laini, utadhani kilipakwa mafuta jana. Mauser gani hiyo?

Nikafuta uchafu juu ya chemba, pale risasi inapokaa, taratibu, jina la kiwanda cha Steyr likajitokeza. Mannlicher-Schönauer, ya Austria! Sasa toleo lipi? Kwa unene wa risasi, la 1903 ni milimita 6.5, la 1905 ni 9, la 1908 ni 8. Fundi akapima mtutu: 6.5. Risasi nyembamba hivyo, na W.D.M. Bell, mwindaji maarufu wa Kiskoti, aliwinda nazo tembo.

Kitakoni kuna kijimlango cha kuwekea fimbo ya kusafishia. Nimekifungua kwa pupa. Kitupu, ila buibui mmoja mkavu.