Funguo za Nani?

Kwetu Mombasa konstebo ni askari wa cheo cha chini, yule anayeshinda juani akisimamisha matatu. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Konstebo wa Tower of London, ile ngome ya kale jijini London, ni jenerali, nilimwomba mlinzi arudie. Akarudia kwa subira, akaniambia kwamba asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ni msimamizi wa zizi la farasi.

Konstebo wa kwanza, Geoffrey de Mandeville, aliwekwa na William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Cheo kilikuwa na riziki nono. Meli zilizopanda mto Thames zilimtolea sehemu ya shehena, na ng'ombe aliyetumbukia majini kutoka London Bridge alikuwa mali yake. Wa sasa, Gordon Messenger, alikabidhiwa funguo mwaka 2022 kwa muhula wa miaka 5, na haishi humo. Kazi za kila siku zinasimamiwa na gavana mwenye makazi ndani ya ngome.

Lakini aliyenikaa moyoni ni Sir William Kingston. Mwezi Mei 1536 ndiye aliyempokea Malkia Anne Boleyn, mke wa Mfalme Henry wa Nane, akiletwa kama mfungwa. Malkia akamuuliza kama atatiwa shimoni. Kingston akamjibu hapana, atalala katika vyumba vilevile alivyolala alipokuja kuvikwa taji. Anne akapiga magoti akalia, kisha katikati ya kilio akaangua kicheko. Tunayajua haya kwa sababu Kingston aliyaandika yote katika barua zake kwa Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme. Tarehe 19 akamtoa kwenda kukatwa kichwa. Nilisimama kwenye uwanja wa majani ndani ya ngome, nikimfikiria, nikashindwa kuondoka. Nimekulia jirani na Fort Jesus, iliyokuwa jela hadi 1958, nami najua kuta nene zinaficha nini; ila sikuwahi kumfikiria mshika funguo, anayemkaribisha mgeni kwa adabu zote huku akijua safari yake inaishia wapi.

Usiku nilirudi kwa ajili ya Sherehe ya Funguo. Tiketi ni chache, na nilikata yangu mapema sana. Simu tuliambiwa tuzizime. Saa nne kasoro dakika 7, mkuu wa walinzi akatokea gizani na joho lake jekundu, taa ya mshumaa mkono mmoja, funguo mkono wa pili. Wanajeshi wakamsindikiza, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Chini ya tao la Bloody Tower, mmoja wa minara ya ngome, askari wa zamu akapaza sauti:

"Simama! Nani anakuja?"

"Funguo."

"Funguo za nani?"

"Funguo za Mfalme Charles."

"Pita, funguo za Mfalme Charles. Yote salama."

Haya hufanyika kila usiku, kwa mamia ya miaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mabomu yaliwaangusha walinzi chini. Wakainuka, wakamaliza, na ofisa wao akamwandikia Mfalme kumwomba radhi kwa kuchelewa.

Saa ikagonga nne, tarumbeta ikalia, funguo zikapelekwa kwa gavana kulala. Sisi tukatolewa kwa mlango mdogo uliomo ndani ya lango kubwa, mmoja mmoja, na nyuma yangu nikasikia komeo likirudi mahali pake.