Siku Moja Maishani Mwangu: Pai ya Mapeasi

Naoka pai za matunda nyumbani kwangu Tabata, na ndiyo kazi inayonilisha na kunilipia kodi. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu, tena wenye nia njema, ambao huonja pai yangu, husifu, kisha huuliza: "Na kazi yako hasa ni ipi?" Ndiyo hii. Siku ninayoisimulia ni Jumamosi ya Februari, mwezi ambao mapeasi ya Lushoto yanashuka Dar kwa matenga na joto la mji huu halina huruma.

Saa kumi na moja alfajiri

Niko soko la Ilala, mzigo ndiyo unashushwa. Wanunuzi wengi wanatafuta peasi lililolainika na kunukia. Mimi nataka gumu. Peasi huchumwa bado gumu na huivia nje ya mti, tena huanza kuiva ndani, kwenye mbegu, likija nje. Ukiona ubavu umebonyea, ujue moyo umeshalegea, na hilo ukilitia kwenye shira ya moto linavunjika vunjika. Nabonyeza shingoni, karibu na kikonyo. Likikubali kidogo tu, linaingia kwenye kapu. Muuzaji wangu alishanizoea, ananiwekea pembeni yale ambayo wenzangu wanayakataa.

Saa moja asubuhi

Kumenya, kukata katikati, kutoa mbegu kwa kijiko, kutumbukiza kwenye maji ya ndimu yasigeuke rangi ya kahawia. Kisha shira: lita 1 ya maji kwa gramu 500 za sukari, kijiti cha mdalasini, iliki zilizopondwa, maganda ya ndimu na karafuu 2. Karafuu ikizidi hapo husikii tena peasi.

Moto uwe mdogo. Shira haitakiwi kutokota, itetemeke tu, vipovu vidogo vidogo vikipanda pembeni mwa sufuria. Ikitokota, nje ya tunda inasagika huku ndani bado gumu. Juu nafunika kwa karatasi ya kuokea niliyoikata duara, maana mapeasi huelea na upande unaochomoza hubaki mweupe, haupati viungo. Dakika 20, yakiwa magumu sana 30, hadi ncha ya kisu ipenye bila kulazimishwa. Nazima moto, nayaacha yapoe humo humo na yalale humo hadi kesho.

Maana haya ni ya oda za kesho. Pai za leo zinatumia mapeasi yaliyolala tangu jana. Mtu anayeona bei yangu na kuguna huwa haioni siku hiyo ya kwanza, iliyopita kabla hata unga haujachekechwa.

Saa mbili na nusu

Ganda. Kwa kila pai unga wa ngano gramu 250, siagi 125, chumvi, maji ya barafu kwa kijiko. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hivi, na jikoni kwangu mwezi huu tunafika huko kabla ya adhuhuri, kwa hiyo kazi hii sharti iishe mapema. Nachanganya kwa ncha za vidole, haraka, kisha friji saa nzima. Siagi ikiyeyukia mkononi badala ya ndani ya oveni, ganda linatoka gumu, halimeguki mdomoni.

Pai hii nilijifunza nikiwa msaidizi katika jiko la hoteli. Ufaransa wana dada yake, tarte Bourdaloue, iliyopata jina kutokana na mtaa mmoja wa Paris, na wao chini ya mapeasi huweka krimu ya lozi. Mimi naweka korosho za kusini, nilizosaga mwenyewe: korosho, siagi na sukari kwa uzito sawa, na mayai. Kwa ulimi wangu korosho inaishinda lozi. Ina mafuta ya upole na haipigani na iliki.

Saa nne

Simu iliita nikiwa na unga hadi viwikoni. Ni mama mmoja wa Mbezi Beach aliyeagiza pai 2 za saa kumi na mbili jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hivi zile pai nikizitaka saa nane itawezekana? Wageni wanawahi. Halafu zifanye 4."

Nikamwambia kwa adabu kwamba mapeasi yaliyolala yanatosha pai 3, basi, na saa nane haiwezekani. Labda saa kumi na moja.

"Sasa mwanangu, si utie mabichi tu? Yataivia humo humo kwenye oveni."

Nilinawa mikono, nikakaa, nikamweleza, kwa sababu swali hilo naulizwa kila mara na linastahili jibu. Peasi bichi limejaa maji. Ukiliweka juu ya krimu na kuoka, maji yote yanashuka kwenye ganda. Juu panapendeza, chini pamelowa kama mkate uliodondokea chai. Lililochemshwa taratibu kwenye shira limeshalainika na kushika utamu hadi moyoni. Nalichuja, nalifuta kwa kitambaa safi, na ndani ya oveni linatulia. Akasema amenielewa.

Nusu saa baadaye akapiga tena. Safari hii ni bei. "Shilingi elfu thelathini na tano pai moja, mwanangu? Mapeasi si yamejaa sokoni?" Nikamtajia siagi, korosho, mayai, gesi. Nikamtajia na jana. Akanyamaza kidogo, kisha akaomba hiyo ya 3 niifanye elfu ishirini. Nilikataa, na sikuona vibaya kukataa. Ninaposhusha bei ya pai moja, anayekatwa mshahara ni mimi peke yangu. Muuza siagi hanipunguzii hata senti.

Simu ya tatu ilikuja nikisukuma ganda, na hapo ndipo subira yangu ilipojaribiwa kweli. Kumbe shoga yake amemshauri: kama shida ni kupoa, pai ikitoka motoni itupwe kwenye friza, saa tisa iwe mezani. Mama, pai ya moto ukiifungia kwenye friza mvuke wake unageuka maji na kurudi kwenye ganda. Na krimu ya korosho inahitaji kupoa yenyewe ndipo ishike. Ukiikata ya moto inamwagika. Nilisema yote hayo nimebana simu kwa bega, ganda mbele yangu linaanza kulegea, na kila dakika aliyonishikilia ilikuwa dakika ya siagi kuyeyuka. Ilibidi nilirudishe ganda kwenye friji. Robo saa imeondoka. Yeye hakuiona, na hakuna bili ninayoweza kuiandika.

Saa sita na kuendelea

Makopo yanaingia oveni kwanza na ganda tupu, karatasi juu na maharage makavu yakilikandamiza lisivimbe, dakika 15 kwa nyuzi 180. Kisha krimu, kisha mapeasi niliyoyakata vipande vyembamba na kuyalaza yakiwa bado na umbo lao, shingo zikielekea katikati. Hiki ndicho kipande cha kazi ninachokipenda kuliko vyote. Hakuna anayeongea nami, na mkono unajua unachofanya.

Umeme ukakatika. Oveni yangu ni ya gesi, pai zikaendelea, lakini feni ikasimama. Dakika 45 mbele ya oveni, bila feni, Februari, Dar. Huwezi kuondoka, kwa sababu oveni ya nyumbani ina upande mmoja unaounguza na sharti uzigeuze pai katikati ya safari. Jasho linaingia machoni. Miguu imesimama tangu Ilala. Chakula cha mchana kilikuwa andazi la jana na maji.

Zilitoka rangi ya dhahabu, kingo zimekauka sawasawa. Nilichemsha shira ya jana ikapungua na kuwa nzito, nikazipaka kwa brashi, zikang'aa. Halafu kusubiri zipoe, na kusubiri nako ni kazi, maana lazima mtu alinde nzi, alinde watoto wa jirani, na ajibu simu ya 4: "Mwanangu, umeshatoka?"

Pai haipandi bodaboda. Nilichukua bajaji, maboksi mawili mapajani na la 3 kwenye kiti, barabara ya Mandela, Ubungo, Mwenge, foleni. Dereva nilimwomba matuta ayapande taratibu, naye, Mungu ambariki, aliyapanda taratibu kweli.

Tulifika saa kumi na moja kasoro. Mama alifungua boksi palepale barazani, akamwita binti yake alete kisu. Kipande kilisimama, hakikumwagika, na chini ganda lilikatika kwa mlio. Alikula hadi mwisho bila kusema neno, akafuta vidole, akanilipa zote 3 kwa bei kamili na nauli ya bajaji juu yake.

Saa tatu usiku, nikiosha makopo, ukaingia ujumbe wake: anataka 2 za Jumapili ijayo, na mmoja wa wageni wake anataka 1. Nikamjibu kwamba oda za Jumapili nafunga Ijumaa mchana, advansi ni nusu, na saa ya kupokea tukishakubaliana haibadiliki.

"Sawa mwanangu," akaandika. Dakika 5 baadaye, nusu ya pesa ya pai zote 3 ikaingia kwenye simu.