Ya Kukaa Watu au ya Kuwekwa?

Tangu Jumamosi nimekuwa nikijibizana kimoyomoyo na mzee ambaye pengine ameshanisahau. Tulikuwa tumemaliza kuizunguka ile nyumba ya Gede iliyofika linta, juu tu ya milango na madirisha, na kuachwa, dalali ametuonyesha mawe ya mipaka na mwembe aliodai utabaki kuwa wetu, nami nilikuwa nimesimama kando nikimsubiri Baba Salma akipima upana wa ua kwa hatua zake, ndipo mzee huyo, ambaye ni ami yake muuzaji na makazi yake ni hapo jirani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nyumba hii mkiinunua, itakuwa ya kukaa watu au ya kuwekwa?" Nikamjibu, "Ya kukaa watu, baba." Akatazama ng'ambo ya njia, penye ukuta mrefu, lango la chuma na mlinzi aliyekuwa akisikiliza redio, akasema, "Haya. Na hao walisema vivyo hivyo."

Hakuongeza neno. Alinitakia safari njema, akaniombea heri, akarudi kwenye kiti chake. Lau angelikuwa na ukali ningelijua la kufanya, kwa maana wodini nimezoea kukaripiwa na wenye ndugu zao wagonjwa, lakini upole ule haukunipa pa kushika. Usiku, katikati ya zamu, nimemjibu kwa namna nyingi. Nimemwambia kwamba mimi nimezaliwa papa hapa Malindi, sikutoka Nairobi wala Milano. Nimemwambia kwamba mama yangu alikuwa akinunua nazi Gede kabla ya ukuta ule kujengwa. Majibu hayo yote ni ya kweli na hakuna hata moja linalojibu alichouliza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mliofuatana nami tangu mwaka jana mnajua kwa nini tunahama Shella, mtaa wetu wa hapa Malindi. Nyumba ni yetu, kiwanja si chetu. Na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa nyumba bila ardhi ni nini, kwani nusu ya jamaa zetu wamezaliwa na kuzeekea ndani yake. Marehemu aliyekuwa mwenye kiwanja alipokea kodi yake kwa kikombe cha kahawa na mazungumzo. Warithi wake wanaipokea kwa simu, wanaipandisha wapendavyo, na wamekataa katakata tusiongeze ghorofa. Benki nayo haikopeshi juu ya kuta zilizosimama katika ardhi ya mtu mwingine. Kwa hiyo tunatafuta mahali penye hatimiliki, hata kama ni padogo.

Baba Salma aliutaka Mambrui, kwao. Ningeliukubali kwa ajili ya utulivu wake, lakini visima vingi vya huko vina maji ya munyu, na kila nikitoka zamu ya usiku ingenibidi kuvuka daraja la Sabaki, mto ambao mvua zikinyesha bara hufura na kuichafua bahari yetu kwa udongo hadi watalii wanalalamika. Watamu niliupenda mimi, nikaacha kuupenda nilipotajiwa bei. Karibu na ufuo watu wananunua mandhari, na mandhari haichemshi chai. Isitoshe, mwamba wa matumbawe ulio chini hufanya uchimbaji wa shimo la choo kuwa gharama ya peke yake, na hewa ya chumvi hula nondo na mabati bila kuchoka. Gede imekaa njia panda, barabara ya Watamu inapojitenga na ile ya Mombasa, kiasi cha kilomita 15 hivi kutoka Malindi mjini. Matatu hazikosekani alfajiri, udongo unakubali mpapai, na bei tunaweza kuifikia tukijibana. Kasoro yake kubwa, nadhani, ni kima wa msituni, ambao nao wanaupenda mpapai.

Upande wa karatasi haujatulia. Sachi, yaani upekuzi wa rekodi katika ofisi ya ardhi, imeonyesha kwamba hatimiliki ingali kwa jina la marehemu baba yake muuzaji, na mtu hawezi kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijathibitisha mirathi, hata ndugu wote wakikubaliana chini ya mwembe. Dalali anasema hayo ni mambo madogo, tutoe arubuni kwanza. Sitoi. Mirathi ikikamilika, kwa kuwa ardhi yenyewe ni ya kilimo, itahitajika pia idhini ya bodi ya ardhi, na mke wa muuzaji lazima atie saini yake ya kuridhia. Faraja ni kwamba ushuru wa stempu mashambani ni asilimia 2 ya thamani, ilhali mjini ni asilimia 4.

Nayaandika haya kwa kirefu, ingawa wiki hii mdogo wangu amechumbiwa na wodi yetu imepata msimamizi mpya, kwa sababu kila ninapofikia hesabu ya ushuru namwona yule mzee akitazama ng'ambo ya njia. Ana haki ya kuuliza. Ukitoka Gede kuelekea baharini utapita kuta nyingi ambazo nyuma yake kuna bwawa la kuogelea, mtunza bustani na vitanda vilivyofunikwa mashuka, na wenyewe huja Desemba wakati wa kaskazi, au hawaji. Jirani wa nyumba kama hiyo hana wa kumwomba chumvi wala wa kumbebea jeneza. Hata yale magofu ya mji wa kale wa Gede, yaliyohamwa kufikia karne ya 17, yaliachwa na watu walioishi humo vizazi na vizazi, wakachimba visima na kuswali katika msikiti wao wa Ijumaa. Hayakujengwa ili yawekwe.

Jana usiku nilimsimulia Bi Mkubwa, mzee wetu wa nyumbani, nikitarajia anionee huruma. Alicheka hadi akavua miwani. "Na wewe ukamjibu ya kukaa watu! Mume yuko Mombasa Jumatatu hadi Ijumaa, wewe usiku uko kazini na mchana umelala, watoto wako chuoni na shule. Watu wenyewe ni nani? Mimi na kima?" Nikataka kukasirika, nikashindwa, nikacheka naye mpaka Salma akatoka chumbani kuuliza kulikoni.

Alipotulia akasema kwamba yeye Gede atakwenda, hana kinyongo, ila ana sharti: ajengewe baraza, nalo liwe nje, upande wa njia, si ndani ya ua. "Nikae nimwone apitaye, naye anione. Huyo mzee wako aje anywe kahawa, nimwulize na mimi maswali." Leo nimemtumia Baba Salma mchoro nilioufanya nyuma ya karatasi ya zamu, ukuta ukiwa umerudishwa ndani ili baraza lipate nafasi. Amejibu kwamba tutapoteza mahali pa kuegesha gari. Gari lenyewe hatuna.

Jambo jingine, na hili halina uhusiano na nyumba. Mwalimu wa Salma ameniandikia kwamba mtoto husogea mbele kila mara ili ausome ubao. Kwa upande wa baba yake macho huanza kudhoofika mapema, nami nimekuwa nikimgombeza kwa kuisogelea televisheni. Jumatatu nitamwombea nafasi katika kliniki ya macho, ingawa kwa kawaida foleni yake hujaa kabla jua halijachomoza.