Tulivyofunga ndoa bomani, bila kamati wala kadi za mchango

Mtu asikudanganye kwamba kiapo cha mahakamani ni ndoa. Naanza na hilo kwa sababu lilitupotezea miezi mitatu na hela ambayo ingetosha kuwapikia pilau wageni wetu wote, na mpaka leo nasikia watu wakielekezwa njia hiyohiyo.

Mimi ni Mlutheri, mwenzangu ni Mwislamu. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka mitano, mtoto wetu yuko chekechea. Kila tukikutana na ndugu, wa kwangu au wa kwake, neno lilikuwa moja: mmoja abadili dini mambo yaishe. Sisi hatukutaka. Yeye anaswali, mimi naimba kwaya, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake aache. Shangazi yangu akasema basi kaeni hivyohivyo, miaka miwili ikipita sheria inawahesabu mke na mume. Nusu ya hilo ni kweli, na ndiyo nusu inayoponza watu.

Kilichonitoa usingizini ni mama yangu mdogo. Aliishi na mume miaka kumi na minne mkoani Morogoro, wakajenga vyumba vinne na kisima. Mzee alipofariki, siku ya tatu baada ya matanga shemeji zake wakamwuliza cheti kiko wapi. Hakuwa nacho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, wanadhaniwa wameoana. Neno ni hilo, wanadhaniwa. Dhana inaweza kupingwa, na yeye ilibidi aitetee mahakamani, na mashahidi, na nauli, huku amevaa nguo za msiba. Nilimsindikiza mara mbili. Mara ya pili tukiwa kwenye benchi la nje akaniambia, "Mwanangu, wewe usije ukakaa hapa."

Niliporudi nikamwambia mwenzangu tufunge ndoa. Akasema yeye alikuwa tayari tangu mwaka wa kwanza, ananisubiri mimi.

Hapo ndipo tulipokosea njia. Jamaa wa kazini kwake akatuelekeza kwa mtu mwenye meza chini ya mwembe, jirani na mahakama, ana mashine ya kuchapa na faili la plastiki. Alitupokea vizuri sana. Akasema ndoa ya serikali ni jambo la nusu saa, tulete picha ndogo mbili mbili na elfu sitini. Akachapa karatasi yenye kichwa cha habari kikubwa kuhusu ndoa, akaingia nayo ndani, akatoka nayo ina muhuri mwekundu. Kisha akadai elfu ishirini ya muhuri wa pili. Tukatoa. Tukasaini, akatupa mkono, akatuita bwana na bibi harusi. Tulirudi nyumbani tukala kuku, nikalia kwa furaha, nikaiweka ile karatasi chini ya godoro ndani ya bahasha.

Miezi mitatu baadaye nikaipeleka kazini ili mume wangu aingizwe kwenye bima yangu ya afya. Dada wa utumishi akaisoma yote, akaigeuza nyuma, akairudisha mezani taratibu. "Dada, hiki ni kiapo. Hapa nyinyi wawili mmeapa kwamba mnaishi pamoja. Hakuna mahali mtu amesema amewafungisha ndoa. Mimi nahitaji cheti cha ndoa." Alinisogezea kidole chake mstari kwa mstari. Kweli, ile karatasi yote ilikuwa inasema kile ambacho majirani zetu walikuwa wanakijua bure. Nilirudi chini ya mwembe kesho yake. Meza ipo, mwenyewe hayupo, na wenzake wakasema hawamjui.

Bomani nilikwenda peke yangu Jumatatu, nimejaa hasira. Nikaelekezwa masjala, kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anashona faili kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza yote mpaka habari ya mwembe. Akaacha uzi. "Mwanangu, ndoa ya serikali inafungwa hapa na msajili wa wilaya. Mnaleta taarifa ya kusudio, inabandikwa siku ishirini na moja, asipotokea mtu na pingamizi mnakuja mnafungishwa, mnaondoka na cheti. Dini yenu hapa haiulizwi ili mkubaliwe." Nilitaka kumkumbatia. Sheria inayataja hayo yote waziwazi: ndoa inaweza kufungwa kwa taratibu za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za kiserikali, na zote ni ndoa sawasawa. Miaka mitano ya kuambiwa mmoja wetu aache dini, na jibu lilikuwa kwenye jengo ninalolipita kila siku nikienda sokoni.

Fomu yenyewe si ngumu. Majina, umri, mnapokaa, majina ya wazazi, kama mmewahi kuoa au kuolewa. Aliyeachika awe na hati ya talaka ya mahakama, aliyefiwa awe na cheti cha kifo, na hilo ulishughulikie mapema. Kuna swali moja linalomtoa mtu jasho: ndoa hii inakusudiwa kuwa ya mke mmoja au ya wake wengi? Yule mama alimgeukia mume wangu, akasubiri. Mume wangu alisema "mke mmoja" kabla sijapumua, akaomba kalamu aandike mwenyewe. Nitayakumbuka maandishi yale, ameyakandamiza mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Kilichotukwamisha ni herufi. Kitambulisho changu cha taifa kina herufi moja zaidi mwishoni mwa jina kuliko cheti changu cha kuzaliwa. Yule mama akasema tusiendelee hivyo, kwa sababu cheti cha ndoa kikitoka na jina tofauti, kila ofisi itanirudisha. Ikabidi niape kiapo cha majina, safari hii kwa wakili mwenye ofisi na bango. Hiyo ndiyo kazi halali ya kiapo katika habari hii yote. Kama mnapanga, wekeni vitambulisho na vyeti vyenu sambamba leo usiku, msome herufi kwa herufi.

Jambo la tarehe. Watu wanachagua Jumamosi kisha wanakwenda bomani kuitangaza. Msajili ni mtumishi, ana vikao, ana ziara. Sisi siku ishirini na moja zilikuwa zinaisha katikati ya wiki, na nikataka ile Ijumaa inayofuata. Kabla sijaiandika nikapita kwa mhudumu wa chai wa pale ofisini, nikamwamkia, nikamwuliza Ijumaa hiyo wakubwa watakuwepo? Akacheka. "Ijumaa hiyo Mwenge unaingia wilayani, hapa atabaki mlinzi." Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mwenge wa Uhuru ukiingia, ofisi yote iko barabarani na kwenye miradi tangu alfajiri. Nikamwuliza siku gani msajili hukaa mezani, akasema Alhamisi asubuhi, saa tatu, kabla barua hazijapanda. Tukachukua Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu. Najivunia lile swali kuliko kitu chochote nilichofanya katika safari hii. Mhudumu wa chai anajua ratiba ya ofisi kuliko ubao wake.

Tangazo letu lilibandikwa kati ya tangazo la zabuni na la ng'ombe waliopotea. Siku ya pili simu zikaanza: "Nimekuona bomani!" Siku ya tano baba mkubwa wa mume wangu akatuma ujumbe kwamba ataweka pingamizi, kijana wao haoi nje ya dini. Sikulala. Asubuhi nikarudi masjala. Yule mama akanieleza kwa utulivu kwamba pingamizi lina sababu zake kisheria: undugu uliokatazwa, umri, mmoja kuwa na ndoa inayozuia hii, mmoja kulazimishwa. Kutopenda dini ya mkwe hakumo. Mume wangu akaenda mwenyewe kwa baba mkubwa, akakaa naye mpaka usiku. Sijui waliongea nini. Siku ya harusi mzee alikuja na mkungu wa ndizi begani.

Mahari nayo. Kifungu cha 41 kinasema ndoa ni halali hata kama taratibu za mahari hazikutimizwa, na kuna rafiki aliyenishauri nikalisome hilo mbele ya wajomba. Sikufanya hivyo, na nashukuru. Sheria inanilinda, lakini wajomba ndio watakaonizika. Mume wangu alileta alichokuwa nacho, blanketi la bibi, kitenge cha mama na fedha kidogo, wiki moja kabla, na wakapokea. Mambo mawili haya hayagombani.

Kwa ile Alhamisi nilifanya vitu viwili ambavyo nawaomba mvichukue. Kwanza, mashahidi. Sheria inataka wasiopungua wawili. Sisi tulialika watatu, kila mmoja na kitambulisho chake mfukoni. Dada wa mume wangu alikwama njiani, daladala yake imepasuka tairi, akafika tunapakia watu kurudi. Tungekuwa tumealika wawili tu, saa tatu yetu ingekufa. Pili, karatasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu, kila kitu kinachoingia kwenye cheti: majina yetu matatu matatu, tarehe za kuzaliwa, kazi, makazi, majina ya wazazi, majina ya mashahidi. Nikampa karani kabla hajafungua kitabu. Alinakili kutoka kwangu badala ya kusikiliza watu sita wanaoongea kwa pamoja. Hata hivyo, alipomaliza niliomba nisome kabla ya kusaini, na nikakuta mwaka wa kuzaliwa wa mume wangu umeandikwa 1998 badala ya 1989. Karani akashtuka, akashukuru, akaanza upya ukurasa safi. Watu nyuma yangu walikuwa wananong'ona niache kuchelewesha. Ucheleweshe. Siku hiyo ni yako.

Ndoa yenyewe haikufika dakika ishirini. Chumba kina meza ya mninga, bendera, picha ya Rais ukutani na mlango uliobaki wazi, mwananchi mmoja mwenye barua yake akichungulia. Msajili alituuliza kila mmoja kwa zamu kama amekuja kwa hiari yake, na sauti yangu ilikatika, nikarudia. Mume wangu alinishika kidole kimoja tu, kidole cha shahada, akakishikilia mpaka mwisho. Tukasaini, mashahidi wakasaini, msajili akagonga muhuri. Mama wa masjala alikuwa amesimama mlangoni na alipiga kigelegele ofisini kwao, wa kwanza.

Gharama sikuziandika zote. Ada ya serikali ilikuwa ndogo kuliko tulichokiacha chini ya mwembe, na ililipwa kwa kumbukumbu namba, na risiti tukapewa. Doti mbili za kitenge na fundi. Mchele, mbuzi mmoja aliyechinjwa na shemeji ili kila mtu ale bila wasiwasi, juisi ya ukwaju aliyoipika mama. Watu wapata arobaini uani kwetu, viti vya kukodi. Mwinjilisti wa mtaani alisali, mzee wa msikiti wao akaomba dua, na wote wawili walikula sinia moja.

Jioni, watu walipopungua, mama mdogo aliniomba aone cheti. Akafuta mikono kwenye kanga, akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma kuanzia juu mpaka saini ya mwisho, midomo ikicheza. Alikaa nacho kitambo. Kisha akakirudisha kwenye bahasha yake, akanitazama.

"Mmetoa kopi?"

Kesho yake asubuhi nilitoa tano, moja nikampa yeye amtunzie mjukuu wake.