Ndoo, Taa na Mabamba Matatu

Usiku wa kwanza mtego wangu ulinasa nondo watatu tu. Bado nakumbuka nilivyosimama alfajiri nikiitazama ndoo ile kwa uchungu, kwa sababu usiku kucha nilikuwa nimewaona makumi kwa makumi wakiizunguka taa.

Nilikuwa nimeuunda kwa mikono yangu kwa wiki nzima. Nilichukua ndoo ya plastiki, nikakata tundu la duara kwenye mfuniko wake kwa kisu kilichopashwa moto, nikapachika faneli pana, kisha juu yake nikasimamisha taa ya tyubu ya wati 15 inayotoa mwanga wa urujuanimno (mionzi ambayo sisi hatuioni kwa macho lakini wadudu wengi huiona), ikiendeshwa kwa betri ya volti 12. Ndani nilipanga trei za mayai za karatasi, maana nondo akishatumbukia hutafuta mwanya wa giza wa kujibanza, na asipoupata hujipigapiga mpaka magamba ya mabawa yake yakapukutika. Dawa ya kuua sikutia. Nilitaka kuwahesabu, kuwachora na kuwaachia.

Usiku uliofuata nililala kifudifudi kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye mtego, mdogo wangu akiwa kando yangu, tukamfuatilia nondo mmoja mmoja bila kuikazia macho taa yenyewe, kwani mwanga wa aina hiyo huumiza macho. Hakuna aliyeiendea moja kwa moja. Kila mmoja aliizunguka akiwa ameinamia upande, mgongo umeelekea kwenye mwanga, akapanda, akashuka, hatimaye akatua kwenye nyasi, nje ya ndoo.

"Kaka, hakuna kinachowazuia," mdogo wangu akasema.

Niliinuka papo hapo. Nilikata mabamba matatu ya plastiki angavu, nikayasimamisha kuizunguka tyubu kama mapezi ya samaki, kingo zake za chini zikigusa mdomo wa faneli. Hazikupita dakika mbili tukasikia mlio mdogo, mkavu: nondo aliyekuwa akizunguka alijigonga kwenye bamba, akateleza ndani ya faneli, akatoweka. Punde akafuata mwingine, na mwingine tena.

Mwaka 2024, watafiti waliowarekodi wadudu kwa kamera za kasi kubwa walieleza katika jarida la Nature Communications kwamba mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake palipo na mwanga zaidi. Chini ya anga tupu tabia hiyo humsaidia kutambua juu na chini, lakini karibu na taa humfunga kwenye mzunguko asioweza kuuacha. Nilisoma maelezo hayo mara mbili, nikiziona upya zile nyasi zenye umande.

Asubuhi tulihesabu nondo 41. Kwenye trei ya chini kabisa alikuwapo Agrius convolvuli, nondo mkubwa wa kijivu mwenye pingili za tumbo zenye milia ya waridi na nyeusi, ambaye mrija wake wa kunyonyea nekta ni mrefu kuliko mwili wake. Nilimpandisha kidoleni. Hakuruka, alianza kutetemesha mabawa, kwa kuwa nondo wa jamii yake hulazimika kwanza kupasha joto misuli ya kifua, na mtetemo ule niliuhisi hadi kwenye kiganja. Mdogo wangu alizuia pumzi. Baada ya kitambo mtetemo ukageuka mvumo, miguu yake sita ikaachia ngozi yangu, naye akapita juu ya ua na kupotelea kwenye majani.