Nilivyojaza bloku ya injini, pamoja na ile aibu ya saruji

Kujaza bloku ni kumimina kitu kinachoganda kwenye njia za maji za injini ili kuta za silinda zisicheze. Wale mlioniambia "we mwaga saruji ya kujengea tu, si ni kilekile", nawakumbuka mmoja mmoja.

Injini yangu ni ya zile mbio fupi za kunyooka, bloku (lile pande kubwa lenye silinda) ni ya chuma, silinda zilishachongwa kupanuliwa mara kadhaa kuta zimebaki nyembamba. Nikaongeza presha ya turbo, hosi ya pumzi, ile inayotoa hewa ya tumboni mwa injini, ikaanza kufuka moshi. Nikaweka ringi mpya za pistoni, wapi! Kumbe kuta zilikuwa zinacheza, silinda inakuwa kama yai, ringi haishiki. Basi nikakoroga saruji nikamimina kwenye njia za maji, najiona fundi kweli. Ikakauka, ikasinyaa, ikaachana na ukuta, siku mbili tu za kuwasha vipande vikaanza kutembea, pampu ya maji inalia kama inasaga kokoto na rejeta imeziba. Kuitoa sasa! Patasi, waya na matusi, wikiendi mbili nzima.

Mara ya pili nikanunua ile yenyewe ya kujazia bloku, ina chembe za chuma ndani na haisinyai. Bei inauma kidogo ila bloku nyingine ingeniuma zaidi. Kutu itoke yote kwanza. Ujanja wangu ulikuwa huu: niliweka bloku sawasawa kwa pimamaji, nikajaza maji mpaka chini kidogo ya tundu la pampu, nikayatoa nikayapima kwenye jagi, ndo nikakoroga kiasi hichohicho baada ya kukausha na upepo. Halafu kutoa mapovu ya hewa, nilichukua mashine ya msasa bila msasa wenyewe nikaiegemeza ubavuni mwa bloku iitikise, aisee mapovu yalipanda kama soda.

Ikiwa bado mbichi nikafunga kepu za kranki (vile vifuniko vinavyoishika chini) na juu bamba zito la kukazia, pale inapokaa silinda hedi, kwa nguvu ileile ya injini ikiwa kamili, maana ikikauka inavuta silinda. Kuchonga silinda ni BAADA, aliyechonga kabla atarudi kuchonga tena. Na usijaze mpaka juu kama gari unaendea kazini, utachemsha. Hata ukijaza nusu tu oili inapanda joto, mimi nimefunga kipoza oili.

Sasa hivi kikopo cha pumzi, kile kinachonasa oili ya ile hosi, nikikifungua nakuta matone tu. Jamaa wa saruji juzi kaniuliza nilitumia ya mfuko gani.